Gitaa Lililogeuzwa Uso Ukutani

Nianze kwa kuwashukuru wote waliomsifu ndugu yangu Bakari mara tu walipohakikisha kwamba hawezi kuwasikia. Mungu awalipe. Katika matanga yake, hapa Kasongo, niliketi juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine nikajifunza mambo ambayo miaka yote ya kukaa naye nyumba moja hayakunifikia. Niliambiwa alikuwa fundi wa kujivunia. Niliambiwa vidole vyake vilikuwa na baraka. Baba mdogo Amisi mwenyewe alisimama akasema mji umepoteza mtu. Huyu ndiye baba mdogo Amisi ambaye, Bakari alipokuwa hai, alimwita "yule wa kukwaruza", kama anayemsema kuku.

Mimi ni Mwamvita, dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja. Wazazi wetu walitangulia. Mume wangu naye alitangulia, ndiyo maana nilirudi katika nyumba ya baba, nikamkuta Bakari huko na cherehani yake barazani. Mke wake alikuwa amekwisha kumwacha, bila mtoto. Tukabaki wawili, yeye na mimi, pamoja na kelele za gitaa lake, kama nilivyokuwa nikisema. Kwa kuwa waliozungumza matangani walimpa sifa nyingi nzuri zisizo zake, nimeona afadhali niandike zile zilizo zake.

Bakari alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule, kanzu za Idi, na mavazi ya kwaya kwa ndugu zetu Wakristo. Sokoni walimcheka kwa jambo moja. Mafundi wengine huvaa subana, kile kikofia cha chuma, wasichomwe na sindano. Yeye aliivaa kwenye dole gumba la kulia, upande ambao sindano haifiki, kwa ajili ya kuulinda ukucha. Ukucha wa dole gumba na ule wa kidole cha shahada aliziacha zirefuke kidogo, kwa sababu hizo ndizo zilizopiga gitaa. Hakutumia kijiti wala kipande cha plastiki. Dole gumba lilitembea chini, kwenye nyuzi nene, taratibu kama mtu anayekwenda shambani kwake, na kidole cha shahada kikaimba juu yake. Mtu akipita nje ya ua alidhani wako watu wawili ndani. Wengine waliingia kuhakikisha, wakamkuta mmoja, wakaondoka kana kwamba wametapeliwa.

Katika ukoo wetu kucha si jambo dogo. Mtume ametufundisha kuzikata, na baba mdogo Amisi, ambaye katika mafundisho yote ya Mtume amelishika hili kwa nguvu kuliko lile la kuwatembelea wagonjwa, alikataa kula sahani moja na mtu mwenye kucha. Bakari hakubisha. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga, alikata kucha zote, na zile mbili akazisugua kwa msasa mwororo. "Nimepunguza, baba mudogo," alisema. "Sheria haikusema nipunguze kiasi gani." Basi akatengewa sahani yake peke yake. Na kwa kuwa mpakuaji nilikuwa mimi, katika sahani hiyo ya adhabu kilikuwemo kichwa cha samaki kila mara. Aliivumilia adhabu hiyo miaka mingi bila kulalamika.

Alijifunza kwenye magitaa ya hapa hapa, ya mbao za kasha na nyaya za breki ya baiskeli. Lile la kweli liliachwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kuchunguza barabara ya Kabambare. Aliichunguza sana. Alipima mashimo, akayapiga picha, akashonesha mashati kwa Bakari, na jioni wakawa wanakaa barazani wakipokezana gitaa. Kisha usalama ukaharibika, akaondoka kwa ndege ndogo isiyopokea mizigo mingi. Barabara aliiacha kama alivyoikuta. Gitaa alimwachia Bakari. Watu wanapouliza mradi ule ulituletea nini, mimi nina jibu.

Siku hiyo Bakari aliniita. "Dada, ingiza pua hapa." Nikaingiza pua kwenye tundu lililo chini ya nyuzi, na ndani mlikuwa na harufu tamu, kavu, kama sanduku la mama la vikwembe, vile vitenge vyake. Akaniambia huo ni mti wa palisandre, unatoka mbali, na kwao mhandisi wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda muvula. Mgongo na mbavu za gitaa zilikuwa za mti huo, wenye wekundu unaokaribia weusi, na mistari ikipita ndani yake kama maji ya Lualaba yanapozunguka fungu la mchanga. Uso wake tu ndio ulikuwa wa mti mwingine, sapini, mweupe, mwepesi, usio na makuu.

Nilimuuliza kwa nini mbao nzuri yote ile imewekwa nyuma, mahali ambapo mpigaji anailalia na tumbo lake.

"Uso unasema, mugongo unaitika," akajibu. "Ngoja uone."

Akagonga uzi mnene mara moja kwa dole gumba, akanikataza kusema mpaka sauti iishe. Nikangoja. Niliwaza habari ya mboga ya sombe niliyoiacha motoni, nikawaza kuni, nikamwangalia jirani akipita na ndoo, na uzi ulikuwa bado unasema, chini kabisa, kama mzee anayemalizia dua baada ya wengine kuinuka. Ndipo nilipoelewa kazi ya palisandre. Magitaa ya kasha yalipiga kelele na kunyamaza. Hili lilikuwa na mahali pa kuweka sauti.

Alikuwa na adabu moja ambayo sikumwona mwingine akiifanya. Adhana ikianza, popote wimbo ulipofika, hakuumalizia. Alilaza kiganja juu ya nyuzi zote kwa upole, kama unavyolaza mkono juu ya mtoto aliyeshtuka usingizini, akangoja hivyo mpaka muadhini amalize. Kisha akaenda kutawadha. Waliomwita mtu wa kukwaruza walikuwa, wengi wao, bado wanatafuta viatu.

Mara kwa mara alipanda pikipiki kwenda Kabambare kupima sare za shule, gitaa mgongoni. Huko, aliniambia, alikuwa na mwanafunzi, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Esther-Divine, Mbangubangu kwa kabila, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Mara ya kwanza alipofundishwa alikata uzi. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu dole gumba lake likatembea lenyewe. Bakari aliniambia hayo kwa furaha ambayo hakuwahi kuionyesha hata siku ya ndoa yake. Baba mdogo Amisi, alipoyasikia, alijua mara moja kuna mwanamke na hakuna muziki. Kichwa chake kina mahali pa jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Safari ya mwisho mvua iliwakuta, yeye na dereva, katikati ya njia, ile mvua yetu inayogeuza barabara kuwa mto na mto kuwa ziwa. Bakari alikuwa na koti moja la mvua. Alilivua, akalifunga gitaa nalo, akafunga na kamba. Kisha pikipiki ikakwama, wakasukuma, ikakwama tena. Gitaa lilifika nyumbani likiwa kavu kabisa. Niliingiza mkono ndani, sikukuta hata tone moja. Yeye nilimvua nguo kama mtoto, zinachuruzika, na meno yanagongana. Usiku huo homa ikaingia kifuani. Hospitalini walijitahidi. Sikuweza kumkasirikia akiwa hai, sikupata nafasi. Namkasirikia sasa, baada ya sala, kisha namwombea.

Siku ya kumuosha, baba mdogo alitaka zile kucha mbili zikatwe. Mkubwa wa waoshaji akakataa, akasema maiti ameshapeleka hesabu yake, haondolewi kitu. Bakari akazikwa nazo. Ndio ubishi pekee na baba mdogo ambao ndugu yangu aliushinda moja kwa moja.

Baada ya siku za kwanza za matanga tukafika kwenye mirathi. Baba mdogo Amisi ni mtu wa Sheria, na Sheria iko wazi: marehemu asiye na mzazi, mke wala mtoto, dada yake anapata nusu, na ndugu wa baba anachukua kinachobaki. Hakuna aliyebisha. Lakini mali ya Bakari ilikuwa cherehani, gitaa na mkasi. Watu wengine wangesema mmoja achukue hiki, mwingine kile. Baba mdogo aliogopa dhuluma. Alisema kila kitu kina nusu mbili, na kila nusu ina mwenyewe. Akaita binamu yetu Fadhili, seremala, aje na bisibisi. Kichwa cha cherehani kikaja kwangu. Meza na kanyagio vikaenda kwake. Tangu siku hiyo katika mji wa Kasongo kuna vyuma viwili, umbali wa nyumba sita, visivyoshona hata kitambaa cha pua, lakini hakuna aliyedhulumiwa. Mkasi nashukuru waliusahau.

Gitaa, baba mdogo alisema, atalitunza yeye kwa niaba yetu sote mpaka arobaini.

Nilipokwenda kwake na mchele wa kuchambua kwa ajili ya hitima, nililiona. Lilikuwa limetundikwa sebuleni, juu ya kabati, uso umegeukia ukuta na mgongo umetukabili sisi. Baba mdogo aliniongoza mbele yake kama mtu anayeonyesha dirisha la msikiti mpya. Alikuwa amelipangusa kwa mafuta ya nazi, na palisandre, sitaki kusema uongo, ilikuwa inang'aa vizuri ajabu. Alinieleza kwamba Bakari, Mungu amrehemu, miaka yote alilishika vibaya, anaonyesha watu upande mbaya. Fadhili alikuwa amekaa pale, naye akaunga mkono kwa elimu ya useremala.

"Muzungu alipungukiwa na mbao, dada," alinieleza. "Angalia. Nyuma iko mbao ya mukubwa. Mbele akaweka mbao ya kasha ya sabuni. Sasa ile tutairekebisha."

Marekebisho yalikuwa hivi. Siku ya arobaini, wageni wakishakula, Fadhili angepaka uso wote verni nyekundu nzito, ile anayopaka majeneza ya wenye uwezo, mara tatu, mpaka mbele ifanane na nyuma. Nyuzi angeziondoa, zinazuia brashi. Na tundu angeliziba kwa kibao cha duara, mende wasiingie. Baada ya hapo lingekuwa kumbukumbu safi ya marehemu. Debe la verni lilikuwa tayari pembeni ya mlango.

Nilisema ukizika uso ule chini ya verni gitaa halitasema tena. Baba mdogo akaniuliza kwa upole nani analihitaji liseme. Mwenye kulisemesha amelala. Hilo lilinikata. Kwa kuwa nilikuwa na mchele mkononi na yeye ni baba, nikachambua mchele. Lakini nilirudi nyumbani najua jambo moja: kaburini kuna mwili wa ndugu yangu, na kwenye ukuta ule kuna sauti yake, na hiyo ya pili tulikuwa bado hatujaizika.

Arobaini ikafika. Tulisoma hitima tangu asubuhi, tukala wali na nyama ya mbuzi, na waliomsifu Bakari mara ya kwanza wakamsifu tena, sasa wakiwa wameshiba, kwa hiyo kwa ufasaha zaidi. Wanaume walikuwa sebuleni kwa baba mdogo, wanawake uani, na mlango kati yetu umeachwa wazi. Ndipo pikipiki iliposimama nje akashuka mwanamke mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijitanda kitambaa kichwani, cha kuazima, kilivyofungwa ungejua. Akaja moja kwa moja kwa wanawake, akapiga magoti, akasema pole, yeye ni Esther-Divine wa Kabambare, habari zilimfikia kwa kuchelewa na njia ilikuwa mbaya. Wanawake wakasogeleana. Niliona macho yao yakimpima tumbo. Mimi nilitazama mkono wake wa kulia. Dole gumba lilikuwa na ukucha mrefu, uliosuguliwa kwa msasa.

Nikampa sahani. Alikula kidogo kwa heshima, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuliona, mara moja tu. Nikamshika mkono mpaka mlangoni mwa sebule.

Baba mdogo alimpokea vizuri mbele ya watu, akamwonyesha ukuta. Esther-Divine akatazama juu ya kabati kwa muda.

"Baba, lilifanya kosa gani?" akauliza.

Baba mdogo hakuelewa.

"Sisi kule shuleni, mutoto akikosa ndiye tunamugeuza uso kwa ukuta."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Baba mdogo akaona ni wakati wa kufundisha. Akaeleza habari ya upande mzuri na upande mbaya, akamwashiria Fadhili alete debe, ili na mgeni apate kuona mambo yanavyorekebishwa. Fadhili akalishusha gitaa, akalilaza mezani uso juu, akafungua debe kwa bisibisi. Harufu ya jeneza ikajaa sebuleni.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Mwanamke hakatizi mazungumzo ya wanaume siku ya hitima, nalijua hilo, nimesoma. Lakini nimesoma na mengine.

"Baba mudogo," nikasema, "samahani. Gitare tulikuwa hatujagawanya bado."

Akasema kweli, hatujagawanya, tutagawanya.

"Kila kitu kina nusu mbili, ulisema, na kila nusu ina mwenyewe. Cherehani tuligawanya hivyo. Mimi dada, nachukua nusu kwanza, ndivyo Kitabu kinasema. Sasa minachagua. Mugongo iko ya kwako, ile mbao ya kweli, minakuachia yote. Mimi nitachukua uso. Ile mbao ya sabuni, na tundu yake, na nyuzi zake."

Aliyekohoa akaacha kukohoa. Baba mdogo alinitazama akitafuta mtego, na alipoutafuta mbele akaukosa, kwa kuwa alikuwa ameutengeneza mwenyewe. Mbele ya mashahidi wote wale nilikuwa nimempa sehemu aliyoisifu na kujinyima nikabaki na ile aliyoidharau. Akasema ni haki. Akasema, tena, kwamba nimejidhulumu.

"Nimeridhika," nikajibu. "Basi Fadhili, funga debe yako. Kwa nusu yangu hapana verni. Nusu ya baba mudogo paka unavyotaka, lakini haihitaji, inang'aa tayari."

Fadhili alimwangalia baba mdogo, akaangalia brashi, akafunga debe. Tone moja lilikuwa limekwisha kudondoka karibu na ukingo, jekundu, la ukubwa wa punje ya hindi. Lipo mpaka leo.

Nikamwambia Esther-Divine achukue nusu yangu, aende nayo uani. Nusu nyingine, kwa bahati mbaya, ikafuatana nayo.

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Alikaza nyuzi moja moja, sikio karibu na ubao, muda mrefu hata watoto wakachoka kungoja. Kisha dole gumba likaanza kutembea. Sikuujua wimbo, huenda ulikuwa wa kanisani kwao, lakini mwendo ule niliujua. Ni mtu anayekwenda shambani kwake. Besi ilitoka, ikakaa, ikaitika kutoka mgongoni kwa baba mdogo Amisi, yaani nusu yake, na uso wa sapini ukasema juu yake waziwazi. Niliangalia sufuria zisizooshwa ili nisiangalie kitu kingine. Wanaume walikuwa wametoka mmoja mmoja na kusimama ukutani. Jirani aliyepita aliingia kuhakikisha wako wangapi.

Adhana ya Alasiri ikaanza. Esther-Divine alikuwa katikati ya wimbo, na ni Mkristo, hakuna ambaye angemlaumu kumalizia. Alilaza kiganja juu ya nyuzi zote kwa upole, akainamisha kichwa, akangoja.

Baba mdogo Amisi aliona. Alisimama pale na kopo la maji ya udhu mkononi mpaka muadhini alipomaliza, na hakwenda kutawadha upesi kama kawaida yake. Alipopita karibu yangu aliniambia, bila kunitazama, kwamba huyo mtoto wa watu achukue gitaa aende nalo, nusu yake yeye anamwazimisha tu, si zawadi. Kisha akaongeza kwamba yeye siku zote alijua palisandre inataka mkono unaojua. Nikasema ndiyo, baba mudogo, sote tulikusikia.

Asubuhi yake mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Kabambare. Nilimfungia Esther-Divine gitaa katika koti la mvua la Bakari, kwa kamba ile ile. Aliposhukuru na kutaka kupanda pikipiki nikamzuia. Nilikuwa nimenunua koti jingine sokoni, la kijani, kubwa kidogo. Nilimvalisha mwenyewe nikamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lilikuwa bado linawaka. Akacheka kwamba ataiva humo ndani. Nikamwambia aive.

Alipiga simu jioni kutoka Kabambare. Mvua iliwakuta mahali pale pale. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, gitaa ni kavu. Nikamwambia sikumuuliza gitaa. Akasema hata yeye ni mukavu, dada. Nikakata simu, nikaenda kuswali.